Zulia Hili ni la Nani

Asubuhi ya Ijumaa Kuu, kabla saa tatu haijagonga, Domitila Xicay alikuwa ameshakwenda chooni mara saba. Tumbo lake lilikuwa na tabia hiyo tangu utotoni: likisikia taabu inapanda mlima, lenyewe linatangulia kukimbia. Majirani wa Mtaa wa Kalvari walikuwa wakiapa kwamba mwaka wa tetemeko kubwa, Domitila mdogo aliharisha siku mbili mfululizo kabla ardhi haijacheza, na kwamba laiti mji ungelisikiliza tumbo la mtoto yule badala ya redio, watu wangelala uwanjani na kupona wote.

Safari hii taabu haikuwa inapanda mlima. Ilikuwa imelala barabarani mbele ya mlango wake, urefu mita kumi na moja, upana mita tatu, na ilikuwa imetengenezwa kwa unga wa mbao.

Pale San Bartolo kila nyumba iliyo kwenye njia ya maandamano hutandika zulia lake siku hiyo. Unga wa mbao unatiwa rangi kwenye magunia, unachekechwa juu ya karatasi ngumu zilizotobolewa maumbo, na watu wanafanya kazi wamelala kifudifudi juu ya mbao zilizowekwa kwenye matofali, wasije wakagusa. Wengine huchora njiwa, wengine kikombe cha misa, wengine maua ya yungiyungi. Ikifika saa tisa jeneza la kioo la Bwana linapita juu yake kwenye mabega ya wanaume arobaini, na kazi ya siku nzima inageuka takataka kabla kahawa haijapoa. Hakuna anayelia. Zulia lilitandikwa likanyagwe.

Domitila, mwalimu wa uchoraji, hakuwa na mume wala mtoto, na miaka yote alikuwa akimwaga majani ya msonobari mbele ya mlango wake, basi. Mwaka huu wanafunzi wake wa kidato cha pili, ishirini na watatu, waliomba nafasi ile. Akawapa. Hawakuchora njiwa.

Walichora mabeseni ya mawe ya kufulia, yale ya umma yaliyo nyuma ya kanisa, yakiwa makavu, na wanawake sita wamesimama wanafua hewa. Kutoka mlimani ulishuka mto wa buluu. Ulipofika karibu na mabeseni ukakata kona kama mtu aliyeona mdai wake, ukaingia kwenye chupa kubwa kuliko kanisa. Na juu ya mdomo wa chupa, mahali pa kifuniko, palikuwa na kofia nyeupe yenye utepe mwekundu na unyoya wa kasuku.

Kofia ya aina hiyo mjini ilikuwa moja tu, na kichwa chake kilikuwa cha meya, don Evelio. Ni yeye aliyewakodisha watu wa maji ya chupa chemchemi ya mlimani, miaka miwili iliyopita. Tangu hapo maji ya mabeseni yalikuja Jumanne na Ijumaa, membamba hivi kwamba mwanamke mmoja aliwahi kuyatia kwenye tundu la sindano.

Na kosa lote lilikuwa la Domitila mwenyewe. Mwezi wa pili ulikuja waraka kutoka mji mkuu: walimu wa sanaa wawahimize wanafunzi kutumia sanaa kuleta mabadiliko katika jamii. Siku hiyo hakuwa ameandaa somo, kwa hiyo akausoma waraka wote kwa sauti, pamoja na namba ya simu iliyokuwa chini. Muda ukabaki. Akawaambia kila mmoja achore kitu kinachomkera nyumbani. Alitegemea kaka wakubwa na mbwa waliopotea. Ishirini na mmoja wakachora bomba lisilo na maji. Mmoja alichora jino lake, na Wilmer akamchora mwalimu wa hesabu.

Domitila alizitazama picha zile ukutani, akavimba kwa fahari, akasema maneno ambayo mtu huyasema saa nne asubuhi akiwa ameshiba: "Mtu akisema, wanaweza kumnyamazisha. Akichora, itabidi wao ndio wafumbe macho." Wanafunzi wakayaandika kwenye madaftari. Juma lililofuata Nineth, msichana mwembamba wa kiti cha mbele, akanyoosha mkono.

"Seño," alisema, maana ndivyo walimu wa kike wanavyoitwa huko, "tumekubaliana. Tutachora barabarani."

Saa tatu kamili akaja Wakili Arnulfo, katibu wa meya, viatu vinang'aa, nywele zimelazwa kwa mafuta. Alilizunguka zulia polepole kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Zulia zuri, seño."

"Ni la watoto, Wakili."

"Naona. Hii ni chupa."

"Ndiyo, chupa."

"Na kifuniko chake ni kofia."

Domitila aliitazama kofia kana kwamba ndiyo kwanza inashuka kutoka mbinguni. "Kofia ziko nyingi mjini," alisema.

"Yenye unyoya wa kasuku mimi naijua moja. Huwa naishika mwenyewe akienda kunawa uso."

"Wakili, angalia kiatu," Wilmer aliita kutoka juu ya ubao wake. "Unataka kukanyaga beseni la mama yangu. Lenyewe limekauka, ukilipasua atafulia wapi?"

Wakili akarudisha mguu. Akamshika Domitila kiwiko, akamvuta hadi kwenye kizingiti cha mlango, na sauti yake ikawa laini kama ya mtu anayempa mgonjwa dawa.

"Mkataba wako unaisha mwezi huu. Jumatatu don Evelio anasaini mikataba ya walimu wote. Umebakiza miaka mingapi upate pensheni?"

"Minne."

"Minne. Umekula ng'ombe mzima, seño, usishindwe na mkia. Sisemi ulifute. Nani anafuta zulia Ijumaa Kuu? Tutaonekana wapagani. Nakuomba tu, don Tránsito akiuliza, wewe tazama juu. Tazama ndege. Basi."

Domitila alielewa, na tumbo lake likaelewa kabla yake. Pale San Bartolo maandamano husimama mbele ya kila zulia, na mkuu wa wabebaji, mzee don Tránsito Coroy, hugonga fimbo chini na kuuliza mara tatu: zulia hili ni la nani. Mtu mzima wa nyumba ile hujibu, anawataja walio ndani ya nyumba yake, wanaombewa kwa majina, ndipo jeneza linapita juu. Zulia lisilojibiwa halikanyagwi. Wabebaji hulipita pembeni kama shimo, na wafagiaji wa manispaa wanaofuata nyuma hulizoa kabla watu wa nyuma hawajafika. Kuna familia ililewa ikalala, haikujibu, na inasemekana maharage ya nyumba ile yalikataa kuiva kwa miaka kumi na moja.

"Watoto watajibu," alisema Domitila.

"Watoto hawajibu. Unajua hilo." Akampigapiga begani. "Ndege, seño. Wako wengi tu."

Alipoondoka, Nineth alikuja akijifuta rangi ya buluu mikononi. "Amesemaje?"

"Amesema ni zuri," Domitila akajibu, akaenda chooni mara ya nane.

Adhuhuri jua likawa kali na upepo ukaanza kuchezea kingo. Unga wa mbao usiponyunyiziwa maji hupeperuka, na ile Ijumaa, siku ya maji, bomba lilikohoa mara mbili likanyamaza. Domitila, Mungu amsamehe, alifurahi. Kama upepo ungelichukua zulia, hakuna ambaye angeulizwa kitu. Alisimama mlangoni akiuombea upepo nguvu, huku uso wake ukijitahidi kuonyesha huzuni.

Lakini saa sita na nusu gari la watu wa maji ya chupa likaingia mtaani na muziki wake, likigawa chupa bure kwa waumini. Wilmer akapanga foleni. Akapanga tena na kofia ya baba yake, tena na shela ya bibi yake, na mara ya nne akachechemea.

"Wewe unakunywa kiasi gani?" aliuliza dada wa kugawa.

"Nimefunga, dada. Mtu aliyefunga kiu inamkamata vibaya."

Wote ishirini na watatu wakapanga foleni. Wakarudi na chupa mia na arobaini, wakatoboa vifuniko kwa msumari, wakainyunyizia picha ya chupa maji ya chupa. Mtaa mzima ulikuja kutazama. Watu waliinua simu, wakacheka, wakawaita binamu zao kutoka mtaa wa pili. Kila kicheko kilimchoma Domitila mbavuni. Wanawake wa kufulia walikuja na shela zao nyeusi, wakijitafuta.

"Huyu ni mimi?" aliuliza doña Petrona, akionyesha mgongo wa tatu. "Sina mgongo mpana hivi."

"Tumeupunguza, doña Petrona," alisema Wilmer. "Nafasi haikutosha."

Wanawake walicheka hadi wakafuta machozi. Domitila akaona nafasi, akamvuta doña Petrona pembeni.

"Doña Petrona, wewe u mtu mzima, na umo ndani ya picha. Don Tránsito akiuliza, si unaweza kujibu wewe?"

Kicheko cha mama yule kilikwisha palepale. "Mwanangu anaendesha gari la hao wa maji ya chupa, seño. Ningekuwa mimi peke yangu..." Akaikaza shela kichwani. "Na mlango si wangu."

Alimwuliza fundi viatu wa upande wa pili. Alimwuliza muuza mishumaa. Leseni ya kibanda cha fundi viatu ilikuwa mikononi mwa meya, na muuza mishumaa alikumbuka ghafla kwamba ameacha maharage motoni, ingawa watu walimwona akielekea upande usio wa nyumbani kwake.

Ngoma ilianza kusikika saa tisa na robo. Ni ngoma ya maziko, pigo moja, kimya kirefu, pigo jingine, halafu tarumbeta zinazolia kama zina mafua. Moshi wa ubani ukaingia mtaani kabla ya watu. Domitila akaingia chooni, akafunga komeo, akakaa juu ya mfuniko bila haja yoyote. Aliona kwamba hapa ni mahali pazuri. Mtu aliye chooni hajibu maswali, na hakuna anayeweza kumlaumu. Alisikia fimbo ikigonga kwa don Macario, nyumba tatu juu. "Zulia hili ni la nani?" Na sauti nene ya don Macario ikijibu, akimtaja mkewe, watoto wanane na mama mkwe aliyempa jina refu kuliko wote ili asionekane anamsahau.

Mlango ukagongwa.

"Seño. Wamefika kwa don Macario."

"Nakuja."

"Ulisema hivyo kabla hawajakata kona." Nineth akaegemea mlango. "Seño, yule Wakili alisema nini kweli?"

Kuna mambo ambayo mtu huweza kuyasema tu akiwa na mlango katikati. Domitila akayasema yote, mkataba, Jumatatu, miaka minne, ndege. Aliyasema haraka na kwa sauti ndogo, akiutazama ukuta. Alipomaliza alingoja msichana amkasirikie. Alikuwa tayari kwa hilo, hata alilitaka.

"Basi usijibu, seño," alisema Nineth. "Picha tutachora nyingine. Wewe utakula nini?"

"Na wenzako?"

"Nitawaambia mimi. Nitasema umeugua. Si uongo sana."

Hatua zake zikaondoka. Domitila alibaki na ile ruhusa mapajani kama sahani ya chakula asichokiagiza. Mtoto wa miaka kumi na minne alikuwa amemsamehe, tena bila hata kuguna, kama anavyosamehewa mtu mzee aliyesahau jina la mtu. Alifikiri, Jumatatu nikiingia darasani nitawaambia wachore nini? Akaona vikapu vya matunda. Miaka minne ya vikapu vya matunda, juma baada ya juma, na Nineth kiti cha mbele akitia kivuli kwenye embe kwa adabu.

Akafungua komeo, akatoka nje.

Jeneza la kioo lilikuwa limefika. Lilisimama mwanzoni mwa zulia, mabegani mwa watu arobaini waliovaa kanzu nyeusi, likiyumba mahali pake kwa sababu wabebaji hawawezi kusimama tuli. Uzito wake, kwa mujibu wa wabebaji wenyewe, ni wa fahali wawili na sakristani mmoja, na huongezeka kila wanaposimulia. Kwenye bega la kwanza, upande wa kulia, mahali pa heshima, alikuwa don Evelio, kichwa wazi kama sheria inavyotaka. Kofia yake ilikuwa mikononi mwa Wakili Arnulfo, ukingoni mwa barabara. Watu walitazama kofia ya zulia, wakatazama kofia ya Wakili, wakarudi kwenye zulia. Wakili akaihamishia nyuma ya mgongo, na wale waliokuwa nyuma yake wakaiona vizuri zaidi.

Don Tránsito akagonga fimbo. "Zulia hili ni la nani?"

Domitila alitazama juu. Hapakuwa na ndege hata mmoja.

"Zulia hili ni la nani?"

"La kidato cha pili," alisema Wilmer.

"Sikuuliza darasa, mwanangu. Nauliza nyumba." Mzee akainua fimbo mara ya tatu, na wabebaji wa mbele tayari walianza kugeuza miguu kwenda pembeni. "Zulia hili ni la nani?"

"Langu," alisema Domitila.

Ilitoka ndogo kama kikohozi cha paka. Lakini don Tránsito alikuwa amewasha fataki za sikukuu kwa miaka arobaini, na sikio lake la kulia lilikuwa pambo tu.

"Nani huyo?"

Kwa hiyo ikabidi aseme tena, na mara hii ikabidi apige kelele, mbele ya Bwana aliyelala kwenye kioo, mbele ya meya, mbele ya simu zote za mtaa. "Ni langu. Domitila Xicay. Mlango ni huu."

Wakili akafumba macho.

"Na nyumbani mwako wamo akina nani?"

Mji mzima ulijua kwamba nyumbani mwake yumo yeye na jiko tu. Domitila alifungua mdomo bila kujua nini kitatoka. Akamwona Nineth, mikono ya buluu hadi viwikoni, akimtikisia kichwa kwamba inatosha, usiongeze.

"Nineth Aracely Chiroy," alisema. "Wilmer Estuardo Cutzal. Heidi Marisol Tucubal."

Aliwataja kwa safu za madawati, kuanzia dirishani. Jeneza liliyumba. Jasho lilianza kudondoka kwenye pua za watu arobaini. Alipofika jina la kumi na nne, woga ukamfutia kichwa chote, peupe.

"Ngojeni," alisema. "Naanza upya, dirishani."

Mguno ulipita chini ya jeneza kutoka mbele hadi nyuma. "Fupisha, mama," alisema don Evelio kwa meno yaliyobanwa, shingo imelala upande, mshipa umesimama.

"Sala haifupishwi," alisema don Tránsito. "Endelea, binti. Dirishani."

Akaanza dirishani. Aliwataja polepole, majina mawili na ukoo, akihesabu kwa vidole, na hakuna aliyecheka tena. Doña Petrona alikuwa akitamka kila jina nyuma yake, halafu wanawake wengine wa kufulia, hadi ikawa kama litania. Waliokuwa mwisho wa msafara, ambao hawakuona zulia lolote, walijiunga wakidhani ni watakatifu. Jina la ishirini na tatu lilikuwa la yule mtoto wa jino.

Don Tránsito akawaombea wote. Akagonga fimbo. Ngoma ikapiga, na wabebaji wakaingia kwenye mto wa buluu. Don Evelio alipofika kwenye kofia alijaribu kuivuka kwa hatua ndefu, lakini wenzake thelathini na tisa walikuwa na hatua fupi, na jeneza halimngoji mtu. Aliikanyaga katikati. Baadaye walikuwapo walioapa kwamba unga uliruka ukambakia kisiginoni na kwamba hakuwahi kuutoa, lakini hao ni walewale wa hadithi ya sindano.

Mtaa ulipopungua, pale palipokuwa na picha palibaki vumbi la rangi zote lililochanganyika likawa la kijivu. Wafagiaji walikuwa wanakuja. Wakili Arnulfo alisimama mbele ya Domitila, kofia mkononi.

"Jumatatu, seño," alisema. "Saa mbili."

"Kusaini?"

"Saa mbili," alirudia, akaondoka akifuata jeneza.

Domitila aliketi kizingitini. Nineth akaja akaketi pembeni yake.

"Seño, unatetemeka."

"Najua."

"Watakufukuza?"

"Sijui. Naona hivyo."

Nineth alifikiri, akikwangua rangi kwenye ukucha. "Jumatatu tutakusindikiza. Wote."

"Jumatatu mna shule. Na ofisi ya meya iko upande wa pili kabisa."

"Tutapita njia ndefu."

Domitila aliutazama ufagio wa kwanza ukifika ukingoni mwa kile kilichokuwa beseni. Alitaka kumwambia hapana, kwamba yatosha, kwamba yeye ni mtu mzima na mkataba ni wake.

"Basi mje mmekula," alisema. "Pale huwa wanamkalisha mtu kwenye benchi mpaka mchana."